Kitabu Kimoja, Faili Mbili

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza maswali. Mke wangu anasema nikinyamaza dakika tano, basi nimelala.

Yeye ni fundi cherehani. Mwaka huu mkono wake wa kulia ulianza kumuuma, na mkasi ukamshinda. Akaamua kufundisha. Wanafunzi kumi wangekuja nyumbani Jumamosi, na sita wa mbali wangejifunza kwa simu. Lakini angewaonyeshaje kukata kola, na mkono wenyewe hautaki?

"Nitaandika kitabu," alisema. "Kitawaonyesha badala yangu."

Akaandika, akapiga picha kila hatua. Mimi nikapanga kurasa kwenye kompyuta. Jalada nikalipaka kijani kote. Kazi ilipokwisha nikatoa faili moja nyepesi, ya kutuma kwenye simu. Faili hiyohiyo nikampelekea mpiga chapa. Ya nini kujisumbua mara mbili?

Jumatano tukaletewa nakala moja ya kukagua. Mke wangu akaifungua, uso ukambadilika. Picha ya kola ilikuwa ukungu mtupu. Herufi zilikuwa zimebadilika umbo, na vipimo vimepanda juu ya maneno. Pembeni mwa jalada palikuwa na mstari mweupe.

"Baba watoto, hii ni kola au masikio ya sungura?"

Nilitaka kucheka, kisha nikaona machozi yanamlengalenga. Nikaona aibu.

"Watu wataharibu vitambaa vyao," alisema. "Watasema fundi gani huyu, hajui kitu."

Tukaenda kwa mpiga chapa saa ileile. Ni mama mmoja mcheshi, miwani kichwani, wino vidoleni.

"Kwenye simu mbona ilikuwa safi?" nikamuuliza kabla hata sijakaa.

"Simu inaridhika na picha ndogo, mzee wangu. Karatasi inataka picha yenye vinukta vingi. Ulipotoa faili nyepesi, kompyuta ilizipunguza picha ili zitumwe haraka."

"Na herufi nani kazibadilisha?"

"Wewe! Hukuzipachika ndani ya faili. Kompyuta yangu haina herufi za mtindo uliotumia, ikaweka zake."

"Haya, na huu mstari mweupe?"

"Tunachapa kwanza, ndipo tunakata. Kisu kikisogea kidogo tu, weupe unajitokeza. Rangi ipite ukingo wa ukurasa kwa milimita tatu. Hizo za ziada tunazikata, tunazitupa."

Mke wangu akapiga meza. "Kumbe! Si ndivyo mimi ninavyobakiza kitambaa cha mshono? Baba watoto, kwa nini hukuniuliza?"

Mpiga chapa akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Ile kazi yako ya mwanzo kwenye kompyuta, uliyopangia kurasa, bado unayo?" akaniuliza.

"Ninayo."

"Usiifute kamwe. Toa humo faili mbili za PDF. Ya kuchapa iwe na picha kamili, herufi ndani, na rangi inayopita ukingo. Itakuwa nzito, usijali. Ya simu iwe nyepesi, na mtu akigusa jina la somo kwenye yaliyomo, apelekwe kwenye ukurasa wake. Kabla ya kutuma, kagua zote mbili. Ya simu ikague kwenye simu."

Tulirudi nyumbani, nikafanya kama alivyosema. Mke wangu akakaa karibu yangu kukagua. Akakuza picha ya kola kwenye faili ya kuchapa, akaikuza tena.

"Uzi unaonekana!" akapiga kelele. "Hata uzi!"

Ile nyepesi akaijaribu kwenye simu yake. Akagusa neno "Kola", ukurasa ukafunguka. Akarudia mara nne kwa raha tu. Ya kuchapa nikampelekea mpiga chapa, ya simu nikawatumia wale sita. Ijumaa vitabu vikaja, kijani mpaka ukingoni.

Jumamosi wanafunzi walifungua kitabu, wakapima, wakakata. Hakuna aliyekwama. Saa nne, mmoja wa wale wa mbali akatuma picha ya kola aliyoikata. Imekaa sawasawa. Mke wangu alizunguka meza nzima, hakuna aliyemwita.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza.

"Kaa upumzike, mwalimu," akajibu mwanafunzi mmoja, macho hayajatoka kwenye mkasi.

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Mke wangu akavuta kiti, akakaa.