Nimeikung'uta

Kila jioni basi la shule lilitushusha darajani, na dada yangu Nadine akapanda kilima mbio, akiniacha nyuma na mikoba yote miwili. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mimi nilikuwa na saba. Alipofika nyumbani alipasua vijiti vya kuwashia jiko, akawapa kuku mahindi, akateka maji kisimani, kisha akanawa mikono na kukaa barazani kumngoja Babu.

Marehemu Babu yetu, Orval, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko chini ya bonde. Alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi, akanywa glasi ya mtindi akiwa amesimama, halafu akaitungua bunduki kutoka kwenye vigingi vyake juu ya mlango wa jikoni.

Bunduki yenyewe ilikuwa kuukuu. Mama yake Babu, Bibi Idella, aliinunua alipokuwa msichana, kwa fedha alizopata akichimba mizizi ya dawa katika milima yetu ya West Virginia. Weusi wa chuma ulikuwa umefifia ukawa kijivu, na kitako kilikuwa na alama za meno ya mbwa. Risasi zake zilikuwa nyembamba kuliko penseli. Zilijipanga moja nyuma ya nyingine ndani ya mrija uliolala chini ya mtutu. Ulipouvuta mpini wa mbele, ganda tupu liliruka nje; ulipousukuma tena, risasi mpya iliingia mahali pake. Nadine aliupenda mlio huo kuliko muziki wa redio.

Sheria ya nyumba yetu ilikuwa hii: huingii mlangoni na bunduki kabla ya kuikung'uta. Ulisimama uani, ukachomoa ufito wa ndani ya mrija, ukainamisha mtutu na kugonga kitako kwa kiganja, ili kama kuna risasi iliyonasa idondoke. Kisha uliita, "Nimeikung'uta," na aliyekuwa ndani akakujibu, "Ingia." Neno hilo likishasemwa, hatukukagua tena. Na mtu aliyeingia bila kukung'uta hakuwinda na bunduki hiyo mpaka msimu mwingine.

Ijumaa moja ya vuli, siku moja kabla ya msimu wa kuwinda kindi kufunguliwa, Baba Mdogo Arlis alikuja kutoka mjini na mwanawe Wendell. Wendell alikuwa na miaka kumi na mitano na bunduki mpya yenye darubini. Alimkuta Nadine nyuma ya ghala akilenga makopo yaliyopangwa mbele ya ukingo wa udongo.

"Hiyo ni bunduki au pampu ya baiskeli?" aliuliza.

"Weka kopo lako pale, usikie litakachokwambia," Nadine alimjibu.

Wendell aliweka kopo la maharagwe mbali kuliko mengine yote, akarudi nyuma ya Nadine. Nadine alivuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua. Kopo lilipinduka. Akavuta mpini na kuusukuma, akafyatua tena kabla halijatulia, likapinduka mara ya pili.

"Limekujibu, mjukuu wangu?" Babu, aliyekuwa akitazama kando ya ghala, alimuuliza Wendell, na Baba Mdogo Arlis aliyesimama naye alicheka hadi akajishika mbavu.

Punde mvua ilishuka kutoka mlimani. Babu aliwaita wanaume wakafunike mbao zake, akamwambia Nadine airudishe bunduki ndani. Nadine aliuvuta mpini mara kadhaa, hakuna kilichotoka. Matone yalikuwa makubwa na chuma kilikuwa kinalowa. Akakimbilia barazani.

"Nimeikung'uta, Bibi!"

"Ingia, mwanangu, unalowa," Bibi Zona, mke wa Babu, alimjibu kutoka jikoni.

Alikuwa hajaikung'uta. Aliifuta maji vizuri kwa kitambaa, akaitundika juu ya vigingi, joto la jiko likiifikia.

Tulikula maharagwe, viazi vya kukaanga na mkate wa mahindi. Babu alipomaliza alijifuta masharubu, akaegemea kiti.

"Kesho kindi wanafunguliwa," alisema. "Na bunduki ya mama yangu inapata mwenyewe mpya. Nadine, itakuwa yako."

Bibi Zona alimkumbatia Nadine shingoni. Baba Mdogo Arlis aligonga meza kwa furaha. Nadine alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu alipoweza kukishika kitako begani, lakini kijiko chake kilibaki kimesimama ndani ya maharagwe. Niliona macho yake yakienda kwenye vigingi, kisha yakashuka hadi mlangoni, mahali ambapo Bibi alikuwa akipita kwenda kuleta kahawa.

Wendell aliinuka. "Babu, naomba nijaribu hiyo pampu kabla haijapata mwenyewe. Nivute mara moja tu, nisikie."

"Imekung'utwa?" Babu aliuliza.

"Nadine amesema," Bibi alijibu.

"Basi itungue."

Wendell alinyoosha mikono.

"Usiiguse," Nadine alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Wendell, usiiguse. Babu, sikuikung'uta. Mvua ilinikuta nikasema tu."

Wendell alirudi nyuma hatua. Babu hakumkaripia Nadine. Aliitungua bunduki mwenyewe, mtutu ukiangalia juu, akatoka nayo barazani, nasi tukamfuata na taa. Aliuelekeza mtutu kwenye udongo mtupu, akachomoa ufito, akainamisha. Hakikutoka kitu.

"Si unaona?" Wendell alimnong'oneza Nadine. "Ungenyamaza tu."

Babu aligonga kitako kwa kiganja. Akagonga tena. Risasi moja iliteleza polepole, imejaa mafuta yaliyoganda kama asali, ikadondoka kwenye ubao wa baraza na kubingirika hadi kwenye kiatu cha Bibi Zona. Bibi aliketi pale pale kwenye ngazi.

"Jiko lilikuwa linayalainisha hayo mafuta," Babu alisema. "Ungevuta mara moja, Wendell, ingeingia, tayari kufyatuka."

Wendell hakuwa na mzaha tena. Baba Mdogo Arlis alikohoa.

"Mzee, mtoto amesema kweli mwenyewe. Mwache aende nayo kesho."

"Wewe nilikuzuia msimu mzima ulipokuwa na umri wake."

"Mimi nilikamatwa, Mzee. Huyu amejitaja."

Babu aliiokota risasi, akaitia mfukoni. "Nikimlipa leo kwa kusema kweli, kesho atasema kweli akitazama malipo. Sheria inabaki." Kisha akamgeukia Nadine. "Na mimi nina kosa langu. Nilimwambia mwenzio aitungue bila kukagua. Kuanzia leo, anayeingia anakung'uta, na anayetungua anakung'uta."

Nadine aliitikia kwa kichwa. Alilia baadaye, kitandani, akiwa amenigeuzia mgongo.

Msimu ule wote alikwenda mwituni mikono mitupu. Alikaa karibu na Babu chini ya miti ya hikori, yenye kokwa wanazopenda kindi, akajifunza kutambua maganda ya kokwa yaliyotafunwa asubuhi hiyo na yale ya jana, akajifunza kukaa kimya mpaka kindi wamsahau. Jumamosi moja alifungua mrija wa bunduki, akausugua kwa kitambaa na mafuta mepesi hadi kila risasi ikateleza bila kunasa. Hakuna aliyemtuma.

Vuli iliyofuata, siku ya kufungua msimu, jirani yetu Thurl alipita na mbwa wake akamkuta Babu akimkabidhi Nadine bunduki uani.

"Orval, unampa mtoto bunduki ya mama yako? Ana shabaha huyu?"

"Anapiga kuliko wewe," Babu alisema. "Lakini shabaha ningemfundisha hata huyo mbwa wako, kama angekuwa na kidole. Huyu aliketi mezani, kitu anachokitaka kuliko vyote kikiwa juu ya vigingi, akasema kosa lake mbele ya watu wote, wakati hakuna aliyemshuku. Hilo sikumfundisha mimi. Mtu wa namna hiyo nampa bunduki, nampa na nyumba na watoto walio ndani yake."

Thurl alivua kofia, akampa Nadine mkono kama anavyowapa wanaume.

Babu hakuwahi kukubali kutembea mbele ya mtu mwenye bunduki, hata awe mwanawe Arlis. Asubuhi hiyo alichukua fimbo yake, akampita Nadine, akatangulia kwenye njia ya mlimani bila kugeuka nyuma.