Nusu Somo la Nelvine

Mvua ya Kericho haibishi hodi. Siku hiyo ya soko iliwakuta watu na mboga zao mkononi, na Nelvine, aliyevaa rinda la manjano na viatu vyeupe, akakimbilia mlango wa kwanza aliouona. Lilikuwa duka la Kipkosgei, kijana mrefu wa Kapkatet aliyeuza filamu za zamani na kupamba kuta kwa picha za waigizaji waliovuma kabla baba yake hajazaliwa.

"Karibu, madam. Pole na viatu."

"Vitakauka. Hawa wazee wote ni akina nani?"

"Usiwaite wazee. Hao ni mastaa."

Nelvine alisomea takwimu chuoni, na wikendi aliigiza vichekesho vya mtandaoni. Akawatazama wanaume watatu ukutani.

"Nani amecheza filamu nyingi hapa?"

"Huyu chache. Huyu nyingi kidogo. Huyu hata hazihesabiki."

"Sasa angalia nywele. Wa chache ana msitu. Wa katikati zimebaki kando. Wa nyingi, upara mtupu. Filamu zikipanda, nywele zinashuka. Vitu viwili vikitembea pamoja hivyo, sisi tunaita uwiano."

"Kumbe muvi inanyoa mtu?"

"Hapo sasa ndipo watu hukosea..."

Simu yake ikalia. Rafiki alikuwa anamngoja stendi. Akamwachia Kipkosgei nambari, akaenda. Somo likabaki nusu, na nusu somo, jamani, ni hatari kuliko ujinga mzima.

Walipendana. Kila jioni simu ilikuwa ile ile.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nashiba nikikusikia."

"Wacha uongo, Kosgei. Kula ugali."

Kipkosgei alikuwa tayari anapanga kumwoa. Kisha Nelvine akapata nafasi kubwa katika tamthilia ya televisheni, Nairobi. Alipomwambia, mwanamume alimpongeza kwa sauti ndogo, akaacha kushika simu. Aliposhika, ilikuwa balaa.

"Nelvine, tuachane tu."

"Ni msichana gani?"

"Hakuna msichana."

"Basi nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea. Nakupenda."

"Sielewi."

"Hata mimi sijielewi. Nenda tu Nairobi."

Akakata. Hebu niambie, mtu anakupenda, hana mwingine, na anakuacha. Hiyo ni hesabu ya shule gani? Nelvine alilia mpaka kichwa kikamuuma, na bado hakuelewa. Kulipokucha akavaa sweta nyekundu, akaenda dukani.

Wale wanaume walikuwa wametolewa. Ukuta mzima sasa ulikuwa wa waigizaji wa kike.

"Nieleze nikiwa hapa," Nelvine akasema.

"Angalia. Huyu wa glavu ndefu aliolewa, filamu zikaisha. Wa kofia ya manyoya, vilevile. Huyu naye, vilevile. Ndoa ikiingia, kazi inashuka. Si ni wewe ulinifundisha? Nikikuoa nitakumaliza."

Nelvine akaketi kwenye kreti ya soda. Alitaka kumtukana, akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

"Na wale ambao hawakuolewa wako wapi?"

"Wako kwa kabati."

"Walete."

Akawaleta, akawapangusa vumbi.

"Huyu alicheza mpaka lini?"

Kipkosgei akafikiri. "Hata yeye aliacha katika umri ule ule wa walioolewa."

"Na huyu?"

"Huyo pia."

"Unaona? Walipoanza kuzeeka, wenye filamu walitafuta wasichana wengine. Aliyeolewa, asiyeolewa, wote waliachwa. Ni umri, Kosgei, si bwana harusi. Na wale wanaume wako, muvi ndiyo iliwanyoa?"

"Ni uzee."

"Basi. Vitu viwili kutembea pamoja si kusema kimoja kinavuta kingine. Hiyo ndiyo nusu uliyokosa."

Kipkosgei aliinamisha kichwa. Aibu na furaha zilimshika pamoja, asijue aanze na ipi.

"Nilikuacha juu ya kukupenda."

"Najua. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Nairobi naenda, na nitakuwa nikirudi."

"Nitakungoja."

"Na siku wenye filamu wataacha kunipigia simu na mimi?"

"Siku hiyo nitakuwa na upara. Tutakaa wawili nyumbani, tusimlaumu mtu."

Nelvine akampitisha vidole kichwani, polepole, kuanzia kwa paji la uso.

"Basi kuja kwetu Kedowa na wazee wako, muongee na baba," akasema. "Na uharakishe. Hapa mbele zimeanza kupungua."