Damu ya Mkasi

Foleni kwenye dirisha la dawa la hospitali ile haikuwa na mwisho. Nyuma ya kioo alikaa mfamasia mmoja mzuri wa sura, aliyejua kwamba ni mzuri, akiwahudumia watu bila kuwatazama. Asubuhi moja alinyoosha mkono kupokea karatasi, ikaja na sauti.

"Bi Dawa, nani aliyekushonea hilo koti? Umshtaki."

Akainua macho. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, suti ya kijivu imemkaa kana kwamba alizaliwa nayo, bandeji mkononi pale mashine ya kusafisha damu ilipokuwa imemchoma. Alikuwa mshona suti, mjini wakimwita Mkasi, na figo zake zilikuwa zimekufa miaka minne iliyopita.

"Umekuja kuchukua dawa au kunisema?"

"Nimefuata sindano zangu za kuongeza damu. Kukusema ni nyongeza, sitozi."

Akacheka bila kupenda. Watu wa nyuma wakaguna.

Baada ya wiki mbili walikuwa wakipigiana simu asubuhi, mchana na jioni.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe umekunywa maji kiasi gani?"

"Kikombe kimoja na nusu, askari wangu."

"Hiyo nusu nani kakuruhusu?"

Dada yake mfamasia aliposikia habari hizo alibinua midomo. "Mwanamume wa kuchomekwa waya kama simu! Siku chaji ikimwishia utafanyaje?" Dada huyo mume wake alikuwa mzima wa afya kabisa, na hakuwahi hata siku moja kumuuliza kama amekula.

Kisha damu ya Mkasi ikaanza kushuka. Kumi, nane, sita. Akawa akipanda ngazi chache anakaa chini kuvuta pumzi. Akaahirisha matembezi mara tatu, akitoa visababu, maana alikuwa na kiburi cha wanaume na hakutaka mpenzi wake amwone akihema. Madaktari walimwingizia kamera mdomoni, wakamwingizia nyingine kwa nyuma. Hawakuona kitu.

Daktari mkuu wa figo, mtu ambaye manukato yake yalifika wodini kabla yake, hakupenda maswali yanayomshinda. Swali lilipomshinda, alitafuta mkosaji.

"Hizi sindano zina soko," alimwambia mfamasia dirishani, akinyoosha tai. "Huyu hajichomi. Anaziuza. Asiondoke tena na hata moja; achomwe mbele ya muuguzi. Weka sahihi hapa."

Mfamasia akaweka sahihi. Mwanamume aliyemwita laazizi asubuhi, yeye alimhukumu kabla ya saa sita, kwa sababu tu aliyesema alikuwa amevaa tai. Kisha akapiga simu.

"Umeziuza?"

"Nimeuza nini?"

"Sindano, Mkasi. Nilikuwa nakupa kwa mkono wangu mwenyewe. Umenifanya mjinga."

"Mimi huyu siwezi kumaliza ngazi kumi, na wewe unadhani nauza damu yangu?"

"Basi imekwenda wapi?"

"Hilo ndilo ninalowauliza nyinyi mliosoma."

Mkasi akakata, na simu zake hakuzipokea tena.

Wiki sita Mkasi alichomwa mbele ya muuguzi, aliyeandika kila sindano. Damu ikashuka hadi tano. Hapo hata mtu wa kuhesabu kwa vidole angeelewa kwamba hakuna kilichouzwa. Daktari mkuu aliandika kwenye faili: *Hafuati masharti ya chakula.* Mfamasia naye aliziona namba hizo kila wiki kwenye kompyuta yake, na kila wiki akapata kazi nyingine ya haraka.

Aliyeuliza swali alikuwa daktari wa tumbo, mwanamke mfupi mwenye viatu bapa, mgeni hospitalini. Alipima choo cha Mkasi, akakuta damu isiyoonekana kwa macho.

"Juu hakuna kitu, chini hakuna kitu," alimwambia. "Katikati kuna mita kadhaa za utumbo mwembamba ambazo hakuna aliyejisumbua kuzitazama. Wagonjwa wa mashine wapo wengi tu wanaovuja huko. Utameza kamera."

"Niimeze?"

"Ni kama kidonge kikubwa. Itapiga picha ikishuka, na mkanda wa kiunoni utazipokea. Nenda kazini, urudi jioni."

"Lete. Nimeshameza maneno makubwa kuliko hiyo."

Picha zilionyesha vimishipa vyekundu vilivyotanuka kama miguu ya buibui, na kimoja kilikuwa kikitoa damu tone kwa tone. Dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine ilikuwa ikikisaidia kuvuja. Daktari wa tumbo akampitishia kamera ndefu zaidi, akavichoma kwa ncha yake ya moto, na dawa ile ikaondolewa. Baada ya miezi miwili damu ilikuwa imepanda hadi kumi.

Daktari mkuu aliisoma ripoti mbele ya wenzake, akafunga faili. "Nilishahisi tangu mwanzo," alisema. Watu wazima wenye shahada wakatikisa vichwa kukubali.

Daktari wa tumbo alilibeba faili lile hadi dirishani. "Sahihi hii ni yako?"

"Ndiyo, daktari."

"Ungemuuliza mgonjwa kwanza." Akaondoka na viatu vyake bapa.

Jumamosi mfamasia alivaa gauni la buluu, akaenda dukani kwa Mkasi. Alimkuta akikata kitambaa, midomo imerudia rangi yake. Mama yake Mkasi, aliyekuwa akipiga pasi, alimtazama mgeni kuanzia kichwani hadi viatuni, akarudi kwenye pasi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alilijibu shati.

"Mkasi, nimekuja kuomba msamaha."

"Umwombe mwizi wako. Yeye ndiye uliyemtukana."

"Nilikuwa naziona namba zako kila wiki. Nilijua kabla ya picha. Niliogopa kuonekana mjinga, nikaona heri wewe uonekane mwizi."

Mkasi akaweka kitambaa chini. Uso wake haukulainika, lakini sasa alikuwa akimtazama.

"Na huyo mwenye tai?" mama aliuliza. "Atakuja lini?"

"Huyo hatakuja, mama," alisema Mkasi.

"Basi huyu kamzidi." Pasi ikatoa mvuke.

Mfamasia akasogea. "Nioe."

"Siku tatu kwa wiki mimi ni wa mashine."

"Zinabaki nne. Sijawahi kupata mtu wa kunipa hata mbili."

"Vile vimishipa vinaweza kurudi."

"Vikirudi vitanikuta."

"Na dada yako?"

"Atasema. Hana kazi nyingine."

Mkasi akacheka, akakasirika kwamba amecheka, akavuta kiti. "Kaa. Sijasema ndiyo. Nimesema kaa."

Akakaa. Mama alipomaliza kunyoosha mashati, "ndiyo" ilikuwa imeshasemwa mara mbili, ya pili kwa sababu mama alidai hakuisikia ya kwanza.