Mwanga wa Alama Hamsini na Mbili

Nzivo alikuwa amelala chali chini ya ngazi yake, kisogo kimepasuka, na Inspekta Amolo aliogopa kumtazama. Si kwa sababu ya kifo. Maiti alikuwa amezizoea. Tatizo ni kwamba chini ya taa mpya za ile zahanati ya uzazi ya Kariobangi, hata walio hai walikuwa na rangi ya maiti. Mikono yake mwenyewe ilimtia hofu.

"Ameanguka tu, afande," alisema Sista Annah, muuguzi wa zamu.

"Alikuwa fundi wa umeme?"

"Mpimaji. Mwenye zahanati alimleta apime hizi taa. Tangu ziwekwe vichwa vinatuuma, usingizi hakuna. Halafu Ijumaa tukapoteza mtoto."

"Kwa nini?"

"Alikosa hewa, midomo ikawa buluu. Wanasema sikumwangalia. Nikipatikana na kosa, leseni inaenda, labda na jela juu."

Amolo akainama. Mfuko wa kipimo cha mwanga ulikuwa kiunoni mwa Nzivo, mtupu. Aliyeanguka peke yake hafichi chombo chake cha kazi.

"Kipimo kiko wapi?"

"Sijui."

"Na hilo doa kwenye mkono wa sare?"

"Chai, afande."

Kweli lilikuwa la kahawia. Lakini Amolo hununua vitambaa sokoni Eastleigh, na pale hakuna mwanamke mwenye akili anayelipa kabla ya kupeleka kitambaa mlangoni aone rangi yake ya kweli mwangani. Akamshika Annah mkono, akamtoa hadi kizingitini, juani.

Doa likawa jekundu.

Annah aliliangalia.

"Nilitikisa ngazi tu! Nilitaka karatasi aliyoandika vipimo, nilidhani inasema taa ni nzima na kosa ni langu. Akaanguka. Nikaificha na kipimo chini ya shuka chafu."

"Uliisoma?"

"Niliogopa."

Konstebo aliyekuja na Amolo alivileta vyote viwili. Amolo akasoma kwa sauti: "Uhalisi wa rangi: jua ni alama mia, taa hizi hamsini na mbili. Nyekundu, sifuri. Chini ya taa hizi midomo ya buluu na midomo mizima haitofautiani. Muuguzi asilaumiwe."

"Alikuwa ananitetea," Annah alinong'ona. Konstebo akamfunga pingu, naye hakubisha.

Ndipo hofu ilipomshika Amolo barabara. "Wodini mna watoto wangapi sasa hivi?"

"Watatu."

"Waleteni hapa mlangoni!"

Mama zao wakatoka nao mbio. Annah akawainamia mmoja mmoja.

"Huyu mzima. Huyu mzima." Wa tatu hakuhitaji kumtazama mara mbili. "Oksijeni! Afande, nifungue, huyu anakufa!"

Amolo akazitoa funguo upesi. Alimfungua. Annah akakaa pale kizingitini, akamvalisha mtoto barakoa ya hewa aliyoletewa, macho hayabanduki midomoni mwake, mpaka ikawa myekundu na mtoto akalia.

Akamrudishia mama yake. Kisha akasimama, akanyoosha mikono mwenyewe.