Daftari la Novemba

Nilimwita mara tatu. Hakuitika.

"Mama Emery! … Mama Emery!"

Alikuwa amekaa mlangoni pake, hatua tano tu kutoka niliposimama, akichambua maharage kwenye ungo. Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba. Mikono yake ilikuwa inakwenda, na jina ambalo watu wote wa kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale wanamwita lilimpita kama si lake.

Niseme kwanza nilikuwa nafanya nini pale. Kila mwisho wa Oktoba mimi ndiye ninayepita nyumba kwa nyumba katika jumuiya yetu, nikiwa na daftari, kuandika majina ya marehemu yatakayosomwa kanisani mwezi wa Novemba. Katekista Nicodème alinipa kazi hiyo kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu, anasema mwenyewe, nina kichwa kigumu na simwachi mtu mpaka amalize kutaja watu wake. Ukurasa wa kwanza ni wa nyumba yangu, majina manane. Ukurasa wa pili ni wa Viviane, yaani huyu Mama Emery, na jina la kwanza pale ni la Emery, mwanawe wa kwanza.

Emery alifia Kabazana, kwenye jumba la kupokelea wakimbizi wapya, wiki ya pili tangu tuvuke mpaka kutoka Burundi. Homa. Alikuwa amelala mkekani katikati yetu, mimi upande huu, mama yake upande ule. Tulipomwosha, mimi ndiye niliyemshika miguu. Kwa hiyo mtu asije kuniambia kwamba nilikosea nyumba.

"Viviane," nikasema.

Hapo akainua kichwa na kutabasamu. "Dada Ancilla! Karibu. Unatafuta nini saa hizi?"

"Nimekuja na kaye," nikainua daftari. "Nipe majina."

"Majina ya nini?"

"Ya marehemu. Weye usinichezee, giza linaingia."

Akafikiri. Alifikiri kwelikweli, nilimwona.

"Miye sina mtu aliyekufa," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na Emery?"

"Emery ni nani?"

Nilichuchumaa nimtazame vizuri. Mboni zake zilikuwa zimepanuka mpaka jicho zima likawa jeusi. Pumzi yake ilinuka majani mabichi yaliyopondwa. Na uso wake… uso wake ulikuwa umenawiri. Ulikuwa uso wa mtu aliyelala vizuri, na mimi sikuwahi kumwona Viviane akilala vizuri tangu Kabazana.

Mtu akanivuta kitenge kwa nyuma. Alikuwa Élyse, binti yake wa miaka tisa, mtoto pekee aliyembakia. Akaninong'oneza sikioni.

"Anaenda kwa yule mzee wa usingizi. Ameenda mara mbili. Leo anarudi tena huko."

"Halafu?"

"Asubuhi ameniuliza, weye mtoto, mama yako yuko wapi?"

Nikamgeukia Viviane.

Mzee wa usingizi tulikuwa tunamsikia tangu Septemba. Alijiita Muhirwa. Alikodi nyumba ya mwisho kabisa, karibu na mafunjo ya ziwa, na kila Jumatano alikuwa akilaza watu. Unakaa, unamsikiliza, unalala, na katika usingizi huo unamwona mtu wako aliyekufa, unaongea naye. Wala hakutoza kitu. Walioenda walirudi wakisifu. Siwalaumu. Kuna watu hapa wamekesha miaka minane, na ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba atalala halafu amwone mwanawe, ataenda hata kwa magoti.

Lakini siku ile nilikuwa nimeshapita nyumba kumi na mbili, na tano kati yake zilinijibu, "Mwaka huu hatuna mtu." Nilidhani ni uvivu. Niliwagombeza hata. Sasa nilifunua daftari, nikaangalia kurasa za mwaka jana za nyumba zile tano: zimejaa majina.

Viviane akasimama. Akauweka ungo chini, maharage yakamwagika, hakuyaangalia. Akaanza kutembea kuelekea ziwani.

Nilimwambia Élyse aende kwa Nicodème, mbio. Mimi nikamfuata mama yake.

Aliingia bila kubisha hodi. Na mimi nikaingia.

Ndani kulikuwa na taa moja ya betri, imefunikwa kwa kitambaa. Watu saba, Viviane akiwa mmoja wao, wameketi chini wakizunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake, kama tunavyokunywa kwetu kwenye sherehe. Nilimtambua mzee Venuste, aliyemzika mkewe Machi ya mwaka jana. Hakuna aliyegeuka.

"Karibu, dada," sauti ikasema. "Keti."

Muhirwa alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Koti safi, viatu vimepigwa rangi. Kiswahili chake hakikuwa cha Kongo, hakikuwa chetu, wala cha Waganda. Kilikuwa hakina kwao.

"Nimekuja kumchukua huyu," nikasema.

"Mchukue. Lakini chungu kiko wazi. Utaondoka bila kuonja?"

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo Mrundi yeyote angelifanya. Kwetu mwenye chungu hunywa kwanza, ili mgeni aone kwamba hakina sumu. Akishakunywa, ukikataa umemwita mchawi mbele za watu. Muhirwa akainama kwenye mrija wake. Niliona mashavu yake yakibonyea. Aliponyanyua kichwa alifuta midomo. Basi nikaketi kando ya Viviane, mgongo wangu ukigusa mlango, nikashika mrija, nikavuta mara moja tu.

Ladha yake ilikuwa chungu. Chini ya utamu wa mtama, majani mabichi.

Nikamshika Viviane mkono. "Simama, twende." Ulimi wangu ulikuwa umekauka ghafla, neno likatoka limevunjika.

Muhirwa alikuwa ameanza kusema. Polepole. Sauti ya chini, ya aina moja, haipandi wala haishuki.

"Macho yako ni mazito… Mabega ni mazito… Umetembea sana… Ulibeba sana… Sasa tua…"

Nilijua anachofanya. Nilijiambia, Ancilla, usimsikilize. Lakini mabega yangu yalikuwa yameshamsikiliza.

"Amekuja," akasema. "Yuko kando yako."

Na kweli alikuwepo. Kulikuwa na mtu ameketi kando ya goti langu. Nilisikia harufu ya mvua na tumbaku. Nilisikia akicheka, kicheko kifupi cha puani, na moyo wangu ukajaa furaha ambayo siwezi kuieleza. Nililia kwa furaha.

"Anaitwa nani?" Muhirwa akauliza. "Nipe jina lake."

Nikampa.

Nakumbuka midomo yangu ikifunguka. Nilichokisema sikikumbuki. Kisha mahali pale kando ya goti langu pakawa sakafu tupu, na mimi nikajisikia vizuri. Vizuri sana, mwepesi, sina deni na mtu wala huzuni na mtu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilijisikia vizuri.

Wengine nao walikuwa wakinong'ona, mmoja baada ya mwingine. Venuste alitaja. Mwanamke mmoja alitaja. Kila jina likitoka, Muhirwa alifumba macho kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi.

Ikafika zamu ya Viviane.

"Nipe jina."

Viviane akatikisa kichwa.

"Nipe jina, dada."

"Miye… nimeishiwa," akanong'ona.

"Bado. Yuko mmoja."

Midomo ya Viviane ikatetemeka. "É…" akasema. "Ély…"

Élyse alikuwa hai. Nilikuwa nimeongea naye dakika chache zilizopita, amenishika kitenge. Marehemu walikuwa wameisha, na huyu mtu alikuwa ameanza na walio hai.

Hasira ndiyo iliyoniamsha, nusu. Nusu nyingine niliitafuta mwenyewe. Kwenye pindo la kitenge nilikuwa nimefunga pilipili mbuzi nne, nilizopewa kwenye nyumba ya kwanza jioni ile. Vidole vilikuwa havinitii. Nilifungua pindo kwa meno. Nikaziingiza zote nne mdomoni, na nikatafuna.

Moto!

Machozi, makamasi, masikio yanavuma. Lakini ulikuwa moto wangu, ndani ya mdomo wangu, na sauti ile ya chini ikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa pili. Sikujua nifanye nini kingine. Nilifanya kazi niliyotumwa. Nikasoma, kwa sauti ile ile ya kanisani:

"Emery, mtoto wa Viviane!"

Na watu wote saba, macho wazi yasiyoona, vichwa vimelegea, wakajibu kwa pamoja:

"Apumzike kwa amani."

Muhirwa akageuza kichwa.

Kwa mara ya kwanza nilimwona akinitazama. Miaka yote ya kujibu, Novemba baada ya Novemba, ilikuwa imewaingia watu hawa ndani zaidi kuliko pombe yake, na yeye hakuwa amelijua hilo.

"Funga daftari, dada," akanong'ona.

"Sifungi."

"Utawaumiza. Walikuwa wamelala."

"Waumie! Ni watu wao!"

Nikafunua ukurasa wa Venuste. "Viola, mke wa Venuste!"

"Apumzike kwa amani."

Venuste akapiga yowe. Nikaendelea. Nilisoma kurasa za nyumba zote tano, natema pilipili na mate kwenye koti lake safi, na kila jina lilijibiwa, na baada ya kila jibu mtu mmoja alianza kulia. Viviane aliangukia magoti yangu. "Emery," alikuwa anasema, "Emery wangu, alikuwa na moto, Ancilla, alikuwa na moto mwilini…"

Ulikuwa umebaki ukurasa wa kwanza, wangu. Huwa najisoma mwisho, kwa adabu.

Muhirwa akasimama. "Mimi siibi," akasema, taratibu kabisa. "Mnanipa. Hata wewe umeshanipa."

Taa ikazima.

Nicodème na vijana wa jumuiya walipofika na tochi, walitukuta sisi tu. Mlango ulikuwa mmoja, na mimi nilikuwa nimeuegemea. Hakuna aliyenipita.

Tulipelekwa hospitali ya Mbarara usiku ule ule, Viviane na Venuste na mimi, tumekauka midomo na mapigo ya moyo yanakimbia. Muuguzi wetu aliitwa Hafswah, mwanamke mpole mwenye mtandio mweupe. Nicodème alikuwa amemletea masalio ya chungu. Akayanusa, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haiko uchawi. Hii iko majani, ile ya maua nyeupe, marefu. Inafanya mutu analala na macho wazi. Halafu ukimuambia kitu, yeye anafanya. Na kama iko na huzuni mingi ndani, ataona mutu wake. Hata mimi, ukinipa hiyo, nitaona mama yangu."

"Na Muhirwa mwenyewe alikunywa vipi asilale?" nikauliza.

Nicodème akatoa mrija wa Muhirwa mfukoni. Ncha yake ilikuwa imezibwa kwa nta.

Nilifurahi. Nilitaka iwe hivyo, majani na nta na mdomo mtamu.

"Na majina?" nikamuuliza. "Majina alikuwa anayafanyia nini?"

Hafswah aliufunga mrija ndani ya karatasi, polepole. "Hiyo mimi sijui," akasema.

Kijana wa pikipiki aliyekuwa akimleta Muhirwa kambini kila Jumatano alituonyesha alikokuwa anaishi Mbarara, chumba cha kupanga kule Nyamityobora. Mwenye nyumba, Hajati Kulusum, alitufungulia. Hakukuwa na nguo wala sufuria. Kulikuwa na kitanda.

"Amekaa hapa myezi tatu," Hajati akasema. "Taa yake haikuzima hata siku moja. Godoro mimi nilimupa, mpya. Ona."

Godoro lilikuwa bado kwenye nailoni yake. Halikuwahi kulaliwa.

Viviane alirudiwa na Emery wake wote, homa na kicheko na mguu uliokuwa na kovu. Hajalala vizuri tangu siku hiyo. Ukimwita Mama Emery anaitika ukiwa bado uko barabarani, na usiku Élyse analala mkono wake umefungwa kwa kitenge kwenye mkono wa mama yake.

Mimi niliporudi nyumbani nilifungua daftari, ukurasa wa kwanza. Baba. Mama. Kaka zangu wawili. Bibi. Shangazi. Mtoto wangu ambaye hakufikisha mwezi.

Saba.

Na kati ya Mama na kaka zangu, jina la nane, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa wino ule ule.

Léopold.

Nililiangalia mpaka kibatari kikaisha mafuta. Nikavuka ua nikamgongea Viviane. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akaziba mdomo.

"Ancilla," akasema. "Ni mume wako."

Ananieleza kila siku. Alikuwa mrefu, alivuta kiko, alicheka kwa pua. Chini ya kitanda changu kuna buti za mwanamume ambazo sijui zilifikaje hapo. Namsikiliza Viviane kama mtu anayesikiliza habari za jirani, na nalia kwa sababu hainiumi. Najua ilipaswa kuniuma. Nataka iniume.

Kwa hiyo nasoma. Nicodème anasema Novemba ilishapita, nipumzike, lakini kichwa changu anakijua. Kila jioni, jua likizama, naketi mlangoni na kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, na Viviane na Élyse wananijibu kutoka ng'ambo ya ua. Nikifika kwa Léopold nasoma mara mbili.

Siku nyingine wanajibu watatu. Sauti ya tatu inatoka nyuma ya nyumba yangu, upande wa mafunjo, ya chini, haipandi wala haishuki. Inasubiri wenzake wamalize. Halafu inaninong'oneza.

"Funga daftari, dada."

Sifungi.