Anayeita Mara Moja

Jumatatu, saa nne asubuhi, Elodie alisema, "Ndiyo, niko hapa," na hakuna aliyekuwa amemwita.

Françoise, muuguzi wa kituo cha afya, aliinua macho kutoka kwenye mizani ya watoto. "Unaongea na nani, dada?"

"Umeniita."

"Miye? Hata kinywa sijafungua." Françoise akacheka. "Hii kazi yako ya kubeba vichwa vya watu, siku moja utasahau chako ku meza."

Elodie hakucheka. Alikuwa amesikia jina lake waziwazi, mara moja tu, na pamoja nalo ilimjia harufu ya majani yaliyooza majini, ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu Ijumaa. Na Ijumaa aliikumbuka vizuri.

Siku hiyo alikuja Papa Athanase, mwindaji wa msitu wa Walikale, ambaye hakuwa amelala kwa wiki tatu. Elodie alikuwa amesomea saikolojia Goma. Kazi yake katika kile kituo kidogo cha afya, karibu na Kashebere, ilikuwa kuwasikiliza watu ambao vita vimebaki ndani yao hata baada ya bunduki kunyamaza. Alimweleza kama alivyowaeleza wote: ubongo ni nyama iliyo ndani ya fuvu, akili ni kazi inayofanywa na nyama hiyo. Wazo likija, usilikimbie. Lijibu, litapita.

"Hii si wazo, Madame," Athanase alinong'ona. "Iko inaniita. Mu pori kwetu, ukiitwa mara moja unanyamaza. Muntu wa kweli ataita mara ya pili. Ile ingine haina mara ya pili. Njo maana nanyamaza, na yenyewe inangojea ku mulango."

"Ukinyamaza njo unailisha, Papa. Sema tu: ndiyo, niko hapa."

"Siwezi."

"Basi nitakujibia." Watu saba walikuwa wakimngoja nje. Aligeukia dirisha, akasema kwa sauti ya mwalimu anayemaliza hesabu: "Ndiyo. Niko hapa."

Mabega ya Athanase yakashuka, akapiga miayo, akalala palepale kwenye benchi.

Baada ya ile Jumatatu, Elodie alichukua kaye mpya, daftari la kazini, akaugawa ukurasa kwa rula: kushoto mawazo yake, kulia yasiyo yake. Mwanzoni kazi ilikuwa rahisi. Kushoto: nimpigie mama simu. Kulia: mtoto aliye kwenye mizani ana joto tamu. Jumatano alianza kusita, kwa sababu yale ya kulia yalikuja kwa sauti yake mwenyewe, yenye adabu, yakimaliza sentensi kabla hajazianza. Na Alhamisi mchana, jua likiwa kali juu ya mabati, wagonjwa wakipiga soga barazani, alifungua kaye akakuta safu ya kushoto tupu na ya kulia imejaa hadi ukingoni, kwa mwandiko wake, nukta zote mahali pake, na akajua kwamba hata huku kushtuka kwake, hata huku kutaka kupiga kelele na kushindwa, kulikuwa kumeandikwa pale tangu asubuhi, mstari wa mwisho, kukimngoja akufikie.

Alimtafuta Athanase. Mwindaji alimpeleka kwa shangazi yake, Mama Anastasie, ambaye nyumba yake ni ya mwisho kabla ya msitu kuanza.

"Ulimujibia muntu mwingine?" Mama Anastasie alishika kichwa. "Yesu wangu! Hata mulevi wa huku kwetu hawezi kufanya vile."

Alimkalisha kwenye mkeka uani, akamfunika shuka juu ya chungu cha majani yanayochemka, rozari mkononi.

"Itatoka. Ikifika inje, itakuita. Usijibu. Na si kwa kinywa tu, mutoto wangu, hata ku roho. Ukijibu utaifata, na yenyewe itakuta mulango wazi."

"Mama, akili haiwezi kunyamaza."

"Nani amesema inyamaze? Mawazo yapite. Usikamate hata moja."

Ndivyo Elodie alivyokuwa akiwafundisha wengine. Alifumba macho. Mvuke ulimuunguza pua, jasho likamtiririka, na mawazo yakapita kama akina mama wa sokoni wenye mizigo migongoni, mmoja baada ya mwingine, naye hakumsalimu yeyote, mpaka kitu kikamtoka kifuani kama kamba ndefu iliyolowa, na kukawa kimya.

"Elodie."

Hakujibu. Alitaka tu kuhakikisha. Je, sauti ilitoka nje, upande wa migomba, au ndani, nyuma ya sikio? Mtu aliyesoma angeweza kupambanua. Aligeuza akili yake kidogo tu, kama mtu anavyogeuza shingo, akauliza moyoni: ni nani?

Baridi.

Mbele yake kulikuwa na jani kubwa lenye unyevu. Ng'ambo ya jani aliuona ua wa Mama Anastasie, na mkekani aliketi Elodie, amejifunua shuka, akikunja vidole kimoja kimoja kama anayejaribu viatu vya mitumba.

"Imeenda?" Athanase aliuliza.

"Imeenda, Papa. Kichwa iko mwepesi." Ilikuwa sauti yake, kabisa.

"Bwana asifiwe! Sasa upumuzike, Madame."

"Hapana. Kesho niko na kazi." Yule wa mkekani alitabasamu. "Nitaanza na watoto."

Elodie hakuwa na miguu ya kukimbilia. Hakuwa na mikono, wala koo. Alikusanya vyote vilivyobaki vyake, akavisukuma kupitia majani.

"Mama Anastasie!"

Mkono wa mama ulisimama juu ya chungu. Alisikia! Aligeukia msitu, midomo imeachana kidogo, tayari kuitika, akingoja aitwe mara ya pili.

Elodie alilitafuta jina lile tena. Alilijua. Alijua linavyoanza na linavyoisha, akasukuma, akasukuma, na jani halikutikisika.

Mama Anastasie alingoja kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akamshika yule wa mkekani mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango.