Asumini ya Mshona Mapazia

Lifti ilikwama katikati ya ghorofa mbili, watu wamebanana, na mshona mapazia roho mkononi, amekumbatia chungu cha asumini aliyotoka kuinunua. Mlango ulipobanduliwa, kofia ya njano ilichungulia.

"Nani ana asumini?" fundi wa lifti aliuliza. "Nimewatafuta kwa harufu."

"Mimi. Na usiponitoa humu nitakumwagia udongo."

Ndivyo walivyoanza. Fundi akawa mgeni wa kila Jumamosi, shati limepigwa pasi, anakiinamia chungu dirishani. Mche ulipapenda pale: jua la asubuhi, maji udongo wa juu ukikauka, wala usihamishwehamishwe, maana ungedondosha vitumba. Mshona mapazia alikuwa hodari wa kunusa. Akifumba macho aliweza kusema ua lipi limechanua leo na lipi la jana.

"Mimi nilikupendea pua," fundi alimtania.

"Uso mzima huu, umeona pua tu?"

Halafu fundi akapelekwa mji mwingine kufunga lifti mpya, na huku nyuma homa ikamlaza mshona mapazia. Alipoinuka, asumini ilikuwa imejaa maua. Akanusa, hakusikia kitu. Akanusa kitunguu, akanusa sabuni, akanusa soksi chafu. Wapi. Daktari alisema huenda pua ikarudi, huenda isirudi. Hofu ikamkaa kifuani: mwanamume aliyempendea pua atabaki kwa lipi?

Simu ilipolia, akadanganya.

"Imenukia leo, mpenzi?"

"Mpaka majirani wananionea wivu."

"Usiwape hata ua moja. Yangu yote hayo."

Kila akikata simu alilia.

Jumamosi moja fundi akarudi bila taarifa. Mshona mapazia alikuwa ndiyo anataka kubandika chai. Alimfungulia kwa gauni lake la bluu, kiberiti mkononi. Fundi hakumkumbatia. Alisimama mlangoni, amekunja uso.

"Unaisikia harufu hii?"

Mshona mapazia alikikaza kiberiti mkononi. Leo ameshikwa, alijua, na akajilazimisha kutabasamu.

"Naisikia. Si asumini yako hiyo?" Akatoa njiti.

Fundi alimrukia, akampokonya kiberiti, akamsukumia nje kwenye ujia na kukimbilia jikoni. Akafunga mtungi wa gesi, ambao mpira wake ulikuwa umechomoka, akafungua madirisha yote. Aliporudi nje alikuwa amelowa jasho.

"Tangu lini husikii?"

"Tangu ile homa."

"Na simu zote zile?"

"Niliogopa utaniacha. Ulisema umenipendea pua."

"Ule ulikuwa utani."

"Ningejuaje? Hujawahi kuniambia kingine."

Fundi alijifuta jasho. Akaketi sakafuni kando yake, mgongo ukutani, akitazama ngazi, mpaka mshona mapazia akadhani anatafuta namna ya kuaga.

"Tuoane," fundi akasema. "Sikuachi tena peke yako na mtungi ule."

"Unanionea huruma."

"Huruma iko wapi? Ninaogopa. Nilikuona na ile njiti. Nishike mkono uone."

Akaushika. Mkono ule, unaokaza nyaya za lifti juu ya shimo la ghorofa kumi bila wasiwasi, ulikuwa unatetemeka kuliko wa kwake. Akamkubali kabla haujatulia.